Mwache hakimu akae nje kwanza

Kuna jamaa yangu mmoja pale Busia, wakala wa forodha, kazi yake ni kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka wa Uganda na Kenya, na kama umewahi kupita Busia unajua ile foleni inavokuwa. Huyu mtu kutoka asubuhi mpaka jioni anaongea Kiswahili na madereva wa Kenya, wa Kongo, wa Rwanda, saa zingine Wasomali, na hakwami hata mara moja. Jioni akikaa na chai anakusimulia kisa cha dereva aliyekaa siku nne mpakani na mzigo wa nyanya, jinsi nyanya zilivoanza kutoa maji chini ya lori, jinsi akina mama wa soko walivokuja na ndoo wakinunua kwa bei ya kumliza mtu, na dereva amekaa kwenye kivuli cha tairi anahesabu tu ndoo zinavoondoka. Wewe unayesikiliza unasahau chai yako inapoa.

Siku moja nikamwambia kaka, hiki kisa kiandike, mimi nitakutafutia mahali pa kukipeleka. Akafurahi sana. Wiki ikapita, ya pili ikapita, akaja akanipa simu yake nisome. Mistari miwili. "Forodha ni mahali muhimu sana katika uchumi wa nchi yetu. Madereva hupitia changamoto nyingi." Basi, imeisha. Nyanya hazimo, ndoo hazimo, kivuli cha tairi hakimo. Nikamuuliza imekuwaje, akanijibu, "Dada, nimeandika kama mara ishirini nafuta. Mimi si mtu wa kuandika."

Iyo sentensi ya mwisho iliniuma, manake hata mimi nimewahi kuisema, na nimesikia walimu wakiisema, na vijana wa vyuo wenye vichwa vizuri kabisa wakiisema, na nimefika mahali naamini si kweli kwa karibu wote wanaoisema.

Sisi tunaoandika tuna maneno yetu ya hii hali. Mzuka umekata, kichwa kimekauka, kalamu imegoma, nimekwama. Ukiyaangalia vizuri mengi yanasema kitu kimoja, kwamba ndani yako kuna tangi, tangi limeisha, ngoja lijae tena. Mimi habari ya tangi nimeshaiacha. Jamaa wa Busia tangi lake lilikuwa limejaa mpaka linamwagika kila jioni mezani. Shida yake ilikuwa mlangoni. Kuna mtu amekaa pale mlangoni, mimi namwita hakimu, anakagua kila neno kabla halijatoka, kama yeye mwenyewe anavokagua makaratasi ya watu, na kila neno likifika linakutwa na kasoro linarudishwa nyuma, ngeli mbaya rudi, neno la mtaani rudi, hii watu watakucheka rudi, mwisho foleni ya ndani inakuwa ndefu kuliko ya malori na huku nje hakuna kilichovuka isipokuwa ile mistari miwili ya hotuba ambayo haina kosa na haina mtu ndani yake.

Neno la Kiingereza la hii hali, "writer's block", lilianzishwa na daktari wa nafsi aliyetoka Austria akahamia Marekani, Edmund Bergler, miaka ya 1940, na yeye chanzo alikuwa anakitafuta kwenye utoto wa mwandishi, mambo ya mtoto mchanga na mama yake. Simfuati huko. Lakini utotoni kweli kuna kitu, ila kwa sisi wengi wa Uganda ukitaka kukiona usiende kwa mama, nenda shuleni.

Shule ya msingi niliyosoma, ukishikwa unaongea lugha ya nyumbani unavishwa kipande cha mbao shingoni, unatembea nacho mpaka umsikie mwenzako naye anaongea ndio umpe, na jioni anayekutwa nacho anakula viboko. Kiswahili kilihesabiwa humo humo pamoja na Lusamia na Luganda. Nilikuwa na miaka nane. Yaani kabla sijajua kuandika hata barua nilishajua kwamba neno la mdomoni mwangu linaweza kuniletea kiboko, na wa kulikamata anaweza kuwa rafiki niliyekaa naye dawati moja. Wengi wa rika langu walipitia kitu kama hicho, kwa mbao, kwa mfupa, kwa gunia, na sasa tuna familia zetu na ile mbao tulishaivua zamani lakini bado tunageuza shingo kuangalia nani amesikia.

Alafu Kiswahili chenyewe hapa kwetu kina mizigo yake. Kiliingia sana kupitia jeshi na polisi tangu wakati wa mkoloni, na kuna nyumba nyingi za Uganda ambazo katika miaka ya sabini kusikia Kiswahili mlangoni usiku kulikuwa na maana moja tu, askari wa Idi Amin wamefika. Amin akakitangaza lugha ya taifa 1973, na sidhani kuna lugha inayopendeka kwa kutangazwa na mtu yule. Katiba iliporekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, alafu Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kwa iyo sasa tunaambiwa andikeni, semeni, ni lugha yenu. Nafurahi kutoka moyoni. Lakini pale mlangoni hakimu hakutoka, ameongezewa mwenzake, huyu wa pili anatoka pwani na anajua ngeli zote.

Mimi huyu wa pili nilikutana naye uso kwa uso. Nilituma hadithi kwa mhariri mmoja, sitasema wa wapi, akanirudishia na sentensi moja tu: hiki ni Kiswahili cha Uganda. Alikuwa na haki kwenye ngeli, nilipoangalia baadaye niliona makosa mengi ya kweli kabisa. Lakini kuanzia siku ile karibu miezi minane sikumaliza kitu. Nilikuwa nafungua simu, naandika sentensi, namsikia anaisoma, nafuta. Naandika ingine, namsikia, nafuta. Na ukweli ni kwamba yule mhariri alishanisahau siku ileile, mimi ndio nilikuwa nimempa kiti, nimempa chai, nimemkalisha mlangoni kwangu.

Tena hapa niseme kitu kwa sababu najua nitaambiwa napinga usanifu. Sipingi. Kiswahili sanifu nakipenda na nakisoma. Nakumbuka tu kwamba nacho kilipangwa na watu waliokaa mezani, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi, kamati ikaanza kazi 1930 na Uganda tulikuwa wanachama pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Ni nguo nzuri ya kutokea nje. Hakuna anayezaliwa ameivaa, na hakuna anayelala nayo.

Kilichonitoa pale ni kitu kidogo sana ambacho nilikidharau mwanzoni. Kuna mwalimu wa uandishi wa Marekani, Peter Elbow, ambaye yeye mwenyewe alikwama akiwa mwanafunzi wa shahada ya juu mpaka akaacha masomo, baadaye akarudi, na mwaka 1973 akatoa kitabu kinachosema hivi: chukua dakika kumi au kumi na tano, andika bila kusimama, bila kurudi nyuma, bila kufuta, bila kuuliza hii inaandikwaje, na ukikosa la kusema andika kwamba huna la kusema mpaka lingine lije. Sharti ni moja tu, mkono usisimame. Hoja yake ni kwamba kutoa maneno na kuyahukumu ni kazi mbili tofauti, na ukizifanya kwa wakati mmoja kila moja inaiharibia mwenzake. Hakusema kuhukumu ni kubaya. Alisema kuna zamu.

Nilinunua kaunta buku, ile nene yenye jalada gumu, nikaanza. Siku kumi za kwanza hakuna kitu nitakachokuonyesha, malalamiko, bei ya sukari, jirani na redio yake, sina la kusema sina la kusema nusu ukurasa mzima. Siku ya kumi na moja nikaandika hivi, na nanakili kama ilivo:

"sina kitu leo sina kitu mvua imeanza hii mabati inapiga kelele hata siskii kichwa yangu, nyumbani ilikuwa hivi hivi mama alikuwa anaweka sufuria pale penye inavuja, sisi tunahesabu, moja mbili tatu, zilikuwa tano ndani ya nyumba, ile usiku ya mvua kubwa ikavuja sehemu sita na sufuria ya sita ilikuwa na mboga, mama akasema kuleni haraka haraka niweke hii, tukakula tunacheka mboga inachoma mdomo"

Nilikaa nikaiangalia. Miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kuikumbuka ile sufuria ya sita. Mama yangu mzima alikuwa ndani ya mstari mmoja, haraka yake, umaskini wetu, kicheko chetu. Sasa naomba mtu aliyesoma ngeli aangalie tena pale "mabati inapiga". Ni "mabati yanapiga". Na "pale penye inavuja" ni "panapovuja". Mimi najua hivo. Na kama ningekuwa nimesimama kurekebisha mabati, ningefika kwenye panapovuja nikiwa nimeshasimama mara ya pili, ningeanza kujiuliza "kichwa yangu" kweli, na ile sufuria ingekuwa imeshaondoka, manake kumbukumbu haisubiri mtu anayetafuta kiambishi. Inakuja na mwendo wa mkono, mkono ukisimama nayo inasimama, na mara nyingi hairudi.

Baada ya wiki mbili niliirudia na hakimu wangu pembeni. Ikawa: "Mvua ya usiku ule ilidai sufuria sita, na ya sita ilikuwa bado na mboga." Ngeli zimekaa, mhariri hana neno. Lakini hiyo sentensi safi isingezaliwa safi. Ilizaliwa na matope, alafu ikaogeshwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa sisi wa Uganda hii mbinu ina faida ya ziada ambayo Elbow hakuwa na sababu ya kuifikiria. Yeye alikuwa anaongea na wanafunzi wanaoogopa mwalimu wa Kiingereza chao wenyewe. Sisi tunaandika lugha ambayo wengi tumeipata barabarani, sokoni, kambini, kanisani, lugha ya tatu au ya nne, na hofu yetu iko ndani ya kila neno kwa sababu kila neno la Kiswahili linadai upatanisho na mwenzake. Mtu wa hivo ukimwambia andika sahihi kuanzia neno la kwanza umemwambia anyamaze.

Kwa iyo ndani ya ile robo saa neno likija kwa Luganda liandike kwa Luganda. Likija kwa Lugbara liache hapo. Likija Kiswahili cha boda boda ndio hilo hilo. Usitafute. Kutafuta ni kazi ya siku ingine.

Na hapa nawashauri watu waachane na simu kwa hii kazi kama wanaweza. Simu nyingi kibodi yake imewekwa kwa Kiingereza, ukiandika Kiswahili maneno mengi yanapigwa mstari mwekundu chini, saa zingine neno linageuzwa kuwa neno lingine, yaani umemtoa hakimu mlangoni amerudi kupitia dirishani na kalamu yake nyekundu. Alafu simu ina kile kitufe cha kufuta, rahisi mno, kidole kinaenda chenyewe. Daftari halifuti. Ukikata neno bado unaliona chini ya mkato. Kama huna ila simu, zima ule ukaguzi wa tahajia na uondoe macho kwenye kioo, tazama ukuta.

Wapo wanaosema kuandika kwa lazima kunaua ubunifu, kwamba mwandishi wa kweli anangoja mzuka. Nilikuwa nalisema hili mimi mwenyewe. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alilipima. Alichukua wahadhiri 27 akawagawa makundi matatu, kundi la kwanza wasiandike isipokuwa dharura, la pili waandike wakijisikia, la tatu waandike kila siku wapende wasipende, tena wakikosa pesa yao inaenda kwa shirika wanalolichukia. Wale wa kulazimishwa waliandika kurasa zaidi ya mara tatu ya wale wa kungoja kujisikia. Hiyo haishangazi. Kinachoshangaza ni mawazo mapya: waliongoja walipata wazo jipya kama kila baada ya siku mbili, waliolazimishwa karibu kila siku. Kwa maneno mengine mzuka ndio uliokuwa unawafuata wanaoandika. Mimi hilo limenitokea kwa kiwango changu, mawazo yananijia saa nne nikiwa kazini kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi mkono ulishatembea, kama injini ya lori la asubuhi ikishawaka.

Swali la muda ni la haki na sitaki kulipita kana kwamba halipo. Mama anayefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri huwezi kumwambia aandike kurasa tatu kila asubuhi. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa posta na aliandika riwaya zake nyingi kabla ya kwenda kazini, saa yake mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, lakini alikuwa pia na mtumishi aliyemlipa amwamshe na kumletea kahawa, na huyo mtumishi kwetu wengi hatuna. Nachukua kwake kitu kimoja, robo saa. Robo saa ipo. Ukikaa kwenye taksi pale paki ya zamani ya Kampala ukingoja ijae ujue dakika kumi na tano zimekwenda na kondakta bado anaita. Mimi nusu ya daftari langu la pili niliandikia humo, mwandiko mbaya, kiwiko cha jirani kwenye mbavu. Dorothea Brande, mwandishi mwingine wa Marekani, aliyeandika juu ya hili tangu 1934, yeye alishauri uamke nusu saa mapema uandike kabla hujasoma gazeti wala kuongea na mtu, na hilo tukilileta kwetu leo maana yake ni kabla ya kufungua WhatsApp, kwa sababu ukishafungua, sauti za watu wengine arobaini zimeingia kichwani na ya kwako imepata kiti cha nyuma kabisa. Ukipata asubuhi, chukua asubuhi. Ukipata taksi, chukua taksi. Kila siku ndio muhimu kuliko saa ngapi.

Sasa kuna jambo ambalo wanaosifia hii mbinu hulipita haraka, na mimi nataka tulikalie. Mlango ukifunguka hauchagui nani atoke. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza maishani. Miezi iliyofuata wale walioandika kisa pamoja na hisia zao walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hii nusu watu wanaipenda sana. Nusu ingine ni kwamba mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, sio vizuri.

Katika nchi yetu hiyo nusu ya pili si ndogo. Kuna watu wa kaskazini waliokulia kambini miaka ya vita, kuna watu wa Luwero waliopitia vita vya msituni, kuna familia za West Nile zilizokimbilia Kongo na Sudan zikarudi hazikukuta kitu. Ukimwambia mtu kama huyo andika chochote kinachokuja bila kusimama, lazima ujue kinachoweza kuja. Mimi sina kisa kikubwa kama hicho, lakini wiki ya tatu mkono ulinipeleka kwa kaka yangu, alivougua na jinsi sikufika hospitali siku ile, nikaandika ukurasa mmoja na nusu nikafunga daftari na sikulifungua siku nne. Nilimpigia shangazi, tukaongea saa nzima, yeye ndiye aliyekuwa pale. Nilirudi kwenye daftari baada ya hapo na sikurudi kwa kaka mpaka mwezi wa tano. Sharti la mkono usisimame lina mpaka wake, na mpaka ni mwili wako wewe. Mahali ukihisi kifua kinabana ruka, andika juu ya kikombe kilicho mbele yako, na kama kinarudi kila siku tafuta mtu wa kukaa naye. Daftari halina mikono ya kumshika mtu.

Tena si kila kukwama ni hofu. Hili nilijifunza nikitaka kuandika juu ya wanawake wanaopitisha bidhaa njia za panya, sukari, mafuta ya kupikia, vitu vidogo vidogo. Niliandika siku tano mfululizo na kila siku naona nazunguka mahali pamoja, maneno yanatoka lakini ni yaleyale, hadi siku ya tano mkono wenyewe ukaandika, sijui wanavuka saa ngapi, sijui nani anawapokea ng'ambo, sijui wakishikwa wanafanya nini. Ndio hapo. Hakimu hakuwa na kosa, nilikuwa sijui ninachokiandikia. Hakuna daftari litakalokupa hiyo habari, lazima uvae viatu uende ukawaulize. Lakini angalia, ni daftari lililoniambia. Kama ningekuwa nimekaa mbele ya simu nikifuta sentensi ya kwanza ningeendelea kuamini kwamba sina kipaji, kumbe nilichokosa ni safari ya nauli ndogo tu ya boda mpaka mtoni.

Na hakimu naye ana siku yake. Kwangu ni Jumamosi. Jumamosi nakaa na daftari la wiki mbili nyuma, sio la wiki hii kwa sababu ya wiki hii bado ina joto, nachukua kalamu nyekundu, nazungushia mahali ambapo pana uhai, na nawaambia ukweli, kurasa nyingi hazina. Kwenye madaftari matatu nimetoa hadithi nne na makala chache. Kuna atakayesema hiyo ni hasara kubwa. Mimi nalinganisha na ile miezi minane ya kufuta ambayo haikunipa hata moja. Kile kilichozungushiwa ndio nakiandika upya, taratibu, na kamusi pembeni, na hapo namruhusu yule mhariri aseme yote anayotaka, saa zingine namwita mwenyewe, kaka njoo uone hapa, na ananisaidia kwa kweli.

Jamaa wa Busia nilimpa daftari mwezi wa pili. Nikamwambia kaka, usiandike makala, niandikie mimi tu vile unavonisimulia jioni, dakika kumi, usifute, usinionyeshe. Alisita. Alisema watoto wake watacheka mwandiko. Akalichukua.

Juzi usiku akanipigia, saa nne imepita, nyuma yake nasikia malori yananguruma. Hakusalimia hata.

"Dada, swali moja tu. Tunasema lori yangu ama lori langu?"

Nikamwambia iyo ni ya Jumamosi.

"Sawa, naiacha hivo," akasema, "nimefika pale mama wa mwisho amekuja na ndoo na nyanya zimeisha, sasa anamuuliza dereva kama anauza lile turubai." Akakata simu.